Acheni Kutununulia Darubini

Leo siandiki kuhusu simu mpya wala programu mpya. Nina dukuduku la siku nyingi na leo nalitoa lote, kwa hivyo mimina chai kikombe kikubwa kwanza.

Huku kwetu Kericho, mtu mwenye pesa akitaka aonekane anapenda sayansi huinunulia shule darubini. Mnaijua hiyo shughuli. Magari yanafika, wanafunzi wamepangwa juani tangu asubuhi, kwaya inaimba, utepe unakatwa, kisha mheshimiwa anainama na kuchungulia kwa jicho moja huku kamera zikimlenga. Anachungulia nini? Ni saa sita mchana! Chombo cha kutazamia nyota kinazinduliwa jua likiwa utosini, na hakuna hata mmoja anayecheka.

Kuna shule moja, sitaitaja kwa sababu walimu wake ni watu wazuri na kosa si lao, iliyopata darubini kwa njia hiyo. Nilienda kuiona. Iko ofisini, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya nyanya. Lenzi ya kutazamia ilipotea mwaka wa kwanza, na mwalimu pekee aliyejua kuilenga alihamishwa. Wanafunzi niliowauliza waliwahi kuuona Mwezi mara moja, wakashangaa, basi. Hiyo ndiyo astronomia yao yote.

Mimi nasema acheni. Ukitaka kuwafundisha vijana wawe wanaastronomia, wape kwanza swali, kisha data, kisha kompyuta na mtu wa kuwaelekeza. Darubini ije mwisho, kama itakuja. Na swali zuri la kuanzia, kuliko yote niliyowahi kuyafikiria, liko ndani ya kitu kinachoitwa fungunyota tufe.

Ngoja nieleze. Kilimia mnakijua, lile fungu dogo la nyota ambalo wazee walilitazama ili wajue majira ya kulima, na jina lenyewe limetokana na kulima. Kilimia ni nyota zilizozaliwa pamoja, lakini ni fungu changa, umri wake ni miaka milioni 100 na kitu, na nyota zake zimekaa mbalimbali. Fungunyota tufe ni jambo jingine kabisa. Ni nyota laki kadhaa, pengine milioni kadhaa, zilizosongamana kama bumba la nyuki, zikishikwa na uvutano wao wenyewe, na umri wake ni miaka bilioni 11 hadi 13. Hapo jirani Fort Ternan tunajivunia mifupa ya Kenyapithecus aliyoichimbua Louis Leakey miaka ya 1960, yenye miaka kama milioni 14. Zidisha hiyo mara 850 hivi ndipo uanze kuongea na fungunyota tufe. Galaksi yetu ina zaidi ya mafungunyota 150 ya namna hiyo.

Kwa nini yanafaa kwa mwanafunzi? Fikiria uko barabarani usiku. Unaona taa mbili, moja kali na moja hafifu. Huwezi kujua kama ile hafifu ni taa ndogo au iko mbali tu. Bodaboda iliyo karibu hulishinda lori lililo mbali. Nyota zinatudanganya vivyo hivyo. Lakini nyota za fungunyota moja ziko umbali mmoja kutoka kwetu, au karibu sana na hivyo, kwa hiyo inayong'aa zaidi ina nguvu zaidi kweli. Tena zilizaliwa karibu wakati mmoja. Tofauti kubwa inayobaki kati yao ni uzito.

Turudi kwa lori na bodaboda. Lori lina tangi kubwa mara nyingi, lakini linakunywa mafuta vibaya sana. Nyota nzito ni hivyo hivyo, ina mafuta mengi na huyamaliza mapema. Sasa chora grafu, rangi ya nyota upande mmoja na mwangaza upande mwingine. Utaona nyota zimejipanga kwenye mstari unaopanda, halafu ghafla mstari unapinda. Nyota zilizostahili kuwa juu ya kona hiyo zimeshamaliza mafuta ya katikati. Ile kona ni saa. Ukijua iko wapi, unajua umri wa fungu zima. (Miaka ya 1990 hesabu hizi ziliwatia wanasayansi aibu kidogo, kwa sababu baadhi ya mafungunyota yalitoka na umri mkubwa kuliko ulimwengu wenyewe. Mtoto kumzidi mama! Ilibidi umbali upimwe upya na umri wa ulimwengu ufikiriwe upya, na leo ulimwengu una miaka bilioni 13.8, mtoto amerudi mahali pake.)

Yote hayo yanatoka kwenye grafu moja ambayo mtoto wa shule ya upili anaweza kuichora. Linganisha na tuliyofundishwa sisi wa 8-4-4. Nyota zilikuwa mada ya jiografia Kidato cha Kwanza, ambapo tulikariri nadharia ya nyota iliyopita karibu na Jua ikavuta vipande vikawa sayari, pamoja na ubora na udhaifu wake, nadharia ambayo wanaastronomia walishaitupa kabla babu zetu hawajaoa. Tulikariri, tukajibu mtihani, tukasahau.

Sasa kuhusu mahali petu. Kipkelion iko chini ya kilomita 30 kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba katika mwaka mmoja kila nyota ya anga, iwe ya kaskazini au ya kusini, huchomoza juu ya paa zetu. Mtu wa London haoni kamwe Omega Centauri, fungunyota tufe kubwa kuliko yote ya galaksi yetu, lenye nyota kama milioni 10. Mtu wa Cape Town akitaka M13, lile maarufu la kaskazini, hulikuta limening'inia chini karibu na upeo. Sisi je? Amka katikati ya Februari saa kumi na nusu alfajiri, ukiangalia kusini utakuta Omega Centauri, ukigeuka kaskazini mashariki utakuta M13, yote mawili kwa wakati mmoja. Ni bahati kubwa na sisi tunailalia.

Najua mtasema mawingu. Ni kweli. Mkoa wetu huu ni kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi kuliko karibu kwingine kote duniani, muulize mkulima yeyote wa chai. Lakini mnanisaidia hoja! Mahali penye mawingu namna hii ni upuuzi kutundika elimu yote ya mtoto kwenye chombo kinachodai anga safi, usiku, Mwezi usiwepo, na mwalimu akubali kubaki shuleni hadi usiku wa manane.

Kuna kisa kimoja kinachonichoma zaidi ya vyote. Tarehe 12 Desemba 1970, miaka 7 kamili tangu tupate uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya astronomia ya eksirei peke yake. Wamarekani waliitengeneza, Waitaliano waliirusha, na kwa heshima ya siku yetu ikaitwa Uhuru. Ililetwa huku kwa sababu ile ile ya ikweta, kwani roketi ikirushwa kutoka hapa hupata msukumo wa bure kutoka kwa mzunguko wa dunia.

Na Uhuru iliona nini? Pamoja na mengine mengi, iliona vyanzo vikali vya eksirei vikiwa ndani ya mafungunyota tufe. Mafungu haya yana chini ya nyota 1 kati ya kila 1,000 za galaksi, lakini vyanzo hivyo vilikuwamo kwa wingi usiolingana na idadi hiyo. Kufikia 1975 wataalamu walikuwa wakiandika makala kueleza sababu, kwamba msongamano ni mkubwa mno kiasi kwamba nyota iliyokufa, ndogo lakini nzito ajabu, hunasa jirani na kumnyonya gesi, na gesi hiyo ikiporomoka hupata joto la kutoa eksirei. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi ile alipata Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Sasa niambieni, katika hadithi yote hiyo sisi tulitoa nini? Tulitoa bahari, na tukatoa jina. Uchambuzi ulifanyika Massachusetts. Kwa mwaka 1970 siwezi kulaumu mtu, kompyuta za kazi ile zilikuwa chache hata huko kwao. Lakini leo data kama hiyo inapakuliwa bure na mtu yeyote mwenye bando, na bado sisi tunasubiri tuletewe bomba lenye vioo ndipo tuanze!

Haya, mtasema ni maneno matupu. Nawapa mfano wa kwanza, na hauhitaji hata setilaiti. Profesa William Harris wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, alikusanya orodha ya mafungunyota tufe yote yaliyojulikana, akaitoa 1996 na kuisahihisha mara ya mwisho 2010. Ina mafungu 157. Faili lake ni dogo kuliko picha moja unayopiga kwa simu. Kila mstari una mahali pa fungu angani na umbali wake. Mwanafunzi anayejua saini na kosaini anaweza kuyapanga yote kwenye ramani. Akimaliza ataona kitu cha ajabu. Hayajatuzunguka sisi! Yamekusanyika upande mmoja, kuizunguka sehemu iliyo upande wa kundinyota la Mshale, umbali wa miaka ya nuru kama 26,000. Mwaka 1918 Harlow Shapley, mtoto wa shamba kutoka Missouri, alitumia hoja hiyo hiyo kuliondoa Jua katikati ya galaksi. Umbali alioupata ulikuwa mkubwa kupita kiasi kwa sababu vumbi la angani lilimchezea, lakini hoja ilisimama. Kijana wa Kipkelion anaweza kuirudia kazi hiyo Jumamosi moja, mvua ikinyesha, na akampita Shapley kwa usahihi.

Mfano wa pili nimeujaribu mwenyewe. Desemba iliyopita nilikaa na vijana sita wa hapa, wengine wamemaliza shule na wengine wako likizo, tukiwa na laptopu mbili za mitumba. Tulitumia data ya Gaia, setilaiti ya Shirika la Anga la Ulaya iliyorushwa 2013 na kuzimwa Machi 2025. Orodha yake iliyotolewa 2022 ina nyota karibu bilioni 1.8, na huombwi hata kufungua akaunti. Tulichagua 47 Tucanae, fungu la kusini lililo umbali wa miaka ya nuru karibu 15,000. Faili tulilopakua halikuzidi megabaiti chache.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutenga nyota za fungu na nyota nyingine zilizosimama njiani. Nyota za fungu husafiri pamoja kama kundi la ng'ombe, kwa hiyo unachora mwendo wao, zile zinazorundikana pamoja ndizo zenyewe. Mwendo wenyewe kwa mwaka mzima ni kama sentimita 3 ukizitazama kutoka kilomita 1,000, na Gaia iliupima. Basi tukachora, na mafungu yakatokea mawili. Binti mmoja wa Kidato cha Tatu alisisitiza kwamba programu yangu ina hitilafu. Tukaipitia mstari kwa mstari. Programu ilikuwa sawa. Nikamwambia atafute mwenyewe, nikatoka nje nikanunua mahindi ya kuchoma. Niliporudi alikuwa ameshajua. Nyuma ya 47 Tucanae, mbali sana, miaka ya nuru kama 200,000, kuna galaksi nyingine ndogo, Wingu Dogo la Magellan, na nyota zake zilikuwa zimeingia kwenye faili letu. Hakuna aliyemwambia. Alishuku data, akaifuata, akakuta galaksi.

Sasa mlinganishe na yule aliyeonyeshwa Mwezi sekunde 10 akasukumwa na anayemfuata kwenye foleni. Nani kati yao amefundishwa astronomia?

Na msidhani huu ni mchezo wa watoto, wakubwa wanafanya vingine. Julai 2024 jarida la Nature lilitoa kazi iliyoongozwa na Maximilian Häberle, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamifu kule Heidelberg. Yeye na wenzake walichukua picha zaidi ya 500 za Omega Centauri zilizopigwa na Hubble kwa miaka zaidi ya 20, nyingi zikiwa zilipigwa kurekebishia vyombo tu, wakapima mwendo wa nyota milioni 1.4. Katikati wakakuta nyota 7 zinazokimbia kupita kiasi, dalili ya shimo jeusi lenye uzito wa angalau Jua 8,200. Mabishano bado yapo, wengine wanasema huenda ni mashimo madogo mengi. Ninachotaka muone ni kwamba picha zilikuwa zimekaa ghalani miaka yote hiyo. Waliozifungua walikuwa na swali na programu nzuri.

Kuna wanaoniambia, "Kijana, nyota hazileti ugali." Mzee mmoja alinirushia hilo hapa stendi wiki iliyopita. Mimi swali hili limenichosha, na sitalijibu kwa unyenyekevu. Mei 2023 hapa Kericho mashine za kuchuma majani chai zilichomwa moto na watu waliokuwa wamepoteza vibarua. Hasira yao naielewa, ni ndugu zetu. Lakini mashine zitarudi, na zinazofuata zitakuwa na kamera na programu ndani. Tunataka vijana wetu wakutane nazo wakiwa wameshika kibiriti tu? Binti niliyemtaja alijifunza kusoma faili chafu, kutenga kilicho chake na kisicho chake, na kukataa jibu linaloonekana sawa. Kazi hiyo hiyo utaikuta kwenye rekodi za mizani ya kiwanda cha chai, kwenye kahawa ya ushirika wetu hapa Kipkelion, kwenye maziwa. Ila sitaki kuuza nyota kama dawa ya ajira. Mtoto wa Kipkelion ana haki ya kujua umri wa anga lake hata kama hatapata senti.

Wengine wanasema vifaa. "Hata laptopu ni kifaa, nawe unaomba vifaa vilevile." Hapana. Tulishaona vifaa bila swali vinavyoishia. Mwaka 2013 watoto waliahidiwa laptopu, mwaka 2016 zikaja tableti, na nyingi zimelala kabatini. Hazikuwa mbaya, ila hazikuja na kazi ya kufanya. Kwa bei ya ng'ombe mmoja mzuri wa maziwa unapata laptopu mbili tatu za mitumba, na pesa zote zinazobaki kwenye bajeti ya darubini nataka ziende kwa mtu. Mwalimu alipwe posho ya Jumamosi mwaka mzima. Mtu ndiye ghali, na ndiye hakatiwi utepe.

Nisieleweke vibaya. Susan Murabana na wenzake wa Travelling Telescope wamezunguka shule nyingi nchini na darubini yao, na wao huja nayo wakiwa na watu wanaoijua, usiku, wakaeleza. Hao nawavulia kofia. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya astronomia. Mradi wa DARA umefundisha wahitimu wa hapa astronomia ya redio, na Kenya ni mshirika wa mradi wa darubini kubwa ya SKA. Agosti 2024 mkutano mkuu wa Muungano wa Kimataifa wa Astronomia ulifanyika Cape Town, mara ya kwanza Afrika. Kwa hiyo chini kuna anayewasha hamu, na juu kuna chuo. Katikati hamna ngazi! Mtoto anawashwa hamu akiwa na miaka 12, kisha anaachwa mpaka afike chuo kikuu, kama atafika. Mafungunyota ndiyo vidato vya ngazi hiyo, na kazi za namna hii zingejaa kwenye mashindano ya sayansi na uhandisi ya shule kila mwaka.

Nawageukia waandishi wenzangu wa programu, maana hatuna usafi. Tunakesha kwenye hakathoni Nairobi tukitengeneza programu ya mikopo ya mia tano na moja, wakati hakuna hata mmoja wetu aliyekaa akaandika mwongozo wa Kiswahili wa kusoma data ya Gaia. Zana za wanaastronomia karibu zote ni programu huria. Astropy ni huria, TOPCAT ni huria. Zamani Dar es Salaam waliitafsiri OpenOffice nzima kwa Kiswahili wakaiita Jambo, hiyo ilikuwa 2004. Sisi na intaneti yetu ya kasi tumeshindwa na kurasa 20?

Programu tuliyoandika na wale vijana haifiki mistari 200. Kurasa za maelezo naziandika kwa Kiswahili, ya kwanza kuhusu orodha ya Harris imekamilika, ya pili kuhusu M4, lile lililo jirani na Antares, iko nusu. Mwalimu yeyote wa fizikia au hisabati kutoka Londiani hadi Fort Ternan anayetaka Jumamosi moja ajaribu na wanafunzi wake, nakuja, nauli juu yangu. Laptopu mbili nabeba. Tafuta tu chumba chenye soketi inayofanya kazi.